Kioo Changu na Tochi ya Zerbo

Mimi tochi sizipendi, na sababu ninayo kwenye mguu wa kushoto. Kwa hiyo Zerbo aliposimama uani kwetu asubuhi ya Jumatatu, siku ya tisa ya vumbi, akatoa mfukoni kitu cheusi mfano wa mchi mdogo na kuniambia nikipime, nilimuuliza kwanza kama amekosa mtu mwingine wa kumsumbua.

"Nimemkosa," akasema. "Watumwa wangu wengine wote wako shambani. Umebaki wewe, kiguru."

"Shambani mwezi wa kwanza, mvua hakuna? Kichwa cha mbwa ulichokula jana kimekuvuruga akili."

Ndivyo tunavyosalimiana. Zerbo ni Msamo, mimi ni Mmosi, makabila mawili ya watani, na utani wetu haupumziki hata msibani. Ana kibanda cha vitu vya umeme kule mjini Ouahigouya. Siku hiyo hakujileta mwenyewe, aliitwa na mdogo wangu Rasmane.

Kazi yetu mimi na Rasmane ni visima. Yeye anashuka, mimi namulika. Namulika kwa kioo, kioo kizima cha mlango wa kabati, nilichokirithi kwa baba pamoja na masharti yake. Mshika kioo anasimama upande wa pili wa kisima, analichota jua na kulitupa ndani, na macho yake yanabaki kwenye kioo. Haangalii ndani kamwe. Anayeangalia ni mwingine, amelala kifudifudi ukingoni, anaita juu, chini, kulia. Nilipokuwa mdogo nilichungulia mara moja tu, na baba alinizaba kofi ambalo hadi leo nikilikumbuka najishika shavu. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ukichungulia mkono unatetereka, basi.

Sasa vumbi la kaskazini lilikuwa limelifunika jua mpaka likabaki kama sahani ya bati, na kioo bila jua ni cha kunyolea ndevu. Huku nyuma kisima cha mtaa wetu kilikuwa kimejaa mchanga. Wanawake walikuwa wanachota tope, wanaliacha litulie nusu siku ndipo wapate kikombe cha kupikia. Rasmane aliahidi kushuka Alhamisi kuuzoa huo mchanga, kuwe na jua kusiwe na jua. Tochi ikifaa, atashuka na kupanda salama. Ikiwa ni ya kudanganya, tutamvuta kwa kamba akiwa hajui tena kama ni Alhamisi.

Nami nazijua zinavyodanganya. Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya mawingu, nilishuka peke yangu na tochi nimeing'ata kwa meno. Niliuangalia ukuta wote nikishuka, nikauona safi. Nilipofika chini ukuta huohuo ukaniangukia. Tangu siku hiyo nazilaani betri zilizokuwa ndani ya ile tochi, kwa majina.

"Nakuachia mpaka Alhamisi," Zerbo akasema. "Ukiona haifai, nirudishie. Ila usiitafune, maana nawajua."

Nikaichukua kwa shingo upande. Halafu, niseme kweli, sikuweza kuiweka chini.

Ilikuwa nzito vizuri, ya aluminiamu, na mifereji midogo ili isiteleze mkononi. Swichi iko kitakoni. Kichwa chake kinavutwa mbele na kurudishwa nyuma, bila kuchezacheza. Niliingia nayo ghalani nikafunga mlango. Kichwa kikiwa ndani, mwanga ulitawanyika ukajaa ukuta mzima, sawasawa, bila doa katikati. Nilipokivuta taratibu, ule mwanga ukajikusanya, ukajikusanya, mpaka ukutani pakabaki mraba mmoja mkali wenye pembe nne na mistari myembamba ndani yake. Mraba, jamani. Mimi nilitegemea duara. Nilikaa humo nikivuta na kurudisha, nikijiuliza taa gani inatoa mraba, mpaka nilipowasha nusu nusu nikachungulia kwa jicho moja: kile chenyewe kinachowaka mle ndani ni kipande cha njano cha mraba, kidogo kuliko punje ya mahindi. Nilichokuwa nakiona ukutani ni sura yake. Baada ya hapo nilikuwa naona nyota za kijani kwa muda mrefu, na nilistahili.

"Baba Aseta, umejifungia na nani?" mke wangu Talato akaita kutoka nje.

"Na Msamo."

"Mwambie atoke, nataka mtama."

Jioni niliielekeza ng'ambo ya kiwanja cha shule. Mwanga mpana haukufika hata golini. Nilipoukusanya ukavuka magoli yote mawili, ukagonga mti, na chini ya mti punda wa jirani akageuka kunitazama kwa macho mawili yanayowaka. Jumanne niliiangusha mara tatu kwenye jiwe la kusagia. Nikaizamisha ikiwa inawaka ndani ya mtungi, ikawaka humo humo kama samaki aliyemeza jua, na Talato akanipa maneno yangu, kwa sababu yalikuwa ndiyo maji ya kunywa na tulishayasubiri yatulie tangu alfajiri. Nikaifungia ndani ya chungu saa tatu asubuhi ikiwa na nguvu zote. Adhuhuri ilikuwa vilevile. Saa nane ndipo ilipoanza kufifia, na kichwa chake kilikuwa cha moto kiasi cha kumtisha mtu mwenye kuing'ata kwa meno. Kwa Rasmane saa tano za mwanga zilikuwa zinatosha na kubaki. Nikaitia betri mpya.

Nilikuwa natafuta ila, sikuipata. Niliona wivu pia, tena wivu wa kweli. Kioo changu kimeegemezwa ukutani kimejaa vumbi, na mimi nazunguka na tochi ya mtu mwingine kama mtoto wa sikukuu.

Jumatano tukaenda kisimani. Rasmane akalala kifudifudi, akaiweka tochi shavuni, akauvuta mwanga ukawa mwembamba.

"Kaka, naona mpaka chini. Kuna kandambili ya mtu. Ya buluu."

"Achana na kandambili. Ukuta?"

"Safi."

"Pale pima ya saba? Mwaka jana ndoo ilikuwa inaangusha udongo pale."

Akapitisha mwanga polepole, duara zima. Nami nikalala pembeni yake, nikamwomba tochi, nikaangalia kwa macho yangu. Lilikuwa jambo la ajabu kwangu kuangalia ndani ya kisima baada ya miaka yote hiyo. Pima ya saba palikuwa pekundu, pamenyooka, pamelainika kama kibuyu.

"Umeridhika?" Rasmane akauliza.

"Sijaridhika."

"Shida yako si tochi, kaka. Unalilia kioo chako."

Aliyasema mbele ya wanawake waliokuwa wanachota. Nusu yake ilikuwa kweli. Lakini ile nusu nyingine haikuniacha nilale, maana ukuta ule ulikuwa laini mno. Ukuta wa kisima chenye umri wangu haulainiki. Una makovu, kama mimi.

Alhamisi asubuhi waliniita kisimani niipeleke tochi. Ilikuwa chumbani kwa Talato, chumba kisicho na dirisha. Nikaingia, nikaiwasha, nikamulika ukuta wa mbele yangu kuhakikisha ina nguvu. Nikasimama palepale.

"Talato. Umeusiriba upya huu ukuta?"

"Nimeusiriba lini, na maji yenyewe unaogeshea tochi?"

"Michoro yako iko wapi?"

Kila mtu mtaani anaijua michoro ya Talato. Aliichora kwa ncha za vidole udongo ukiwa mbichi, mistari na pembetatu ukuta mzima. Nilikuwa naimulika kwa taa kali kuliko zote nilizopata kushika, na mbele yangu palikuwa na ukuta mtupu.

"Ipo," akasema. "Hebu lete hapa, natafuta chekecheo langu." Akaninyang'anya tochi, akaenda nayo kwenye kona, akainama nyuma ya vyungu. Mwanga ukatokea ubavuni, ukalala juu ya ukuta, na michoro yote ikaruka nje. Kila mstari ulikuwa na kivuli chake.

"Simama hapohapo."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Rudi kwangu. Niwekee tochi hapa shavuni." Michoro ikapotea. "Sasa nenda kule tena." Ikarudi. Nilimrudisha mke wangu mara nne na hakuuliza tena, kwa sababu naye alikuwa ameanza kuona. Taa ikitokea machoni pako mwenyewe, kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu chake. Mashimo yamo, nyufa zimo, wewe huoni hata kimoja.

Nikaketi kitandani. Miaka kumi na moja nimezilaani zile betri, na betri zilikuwa nzima. Tochi ilikuwa nzima. Niliing'ata kwa meno, chini ya macho yangu mwenyewe, na ule ufa nilipita mbele yake nikiutazama.

"Baba Aseta," Talato akasema, "mdogo wako yuko kisimani."

Kwa mguu wangu hakuna kukimbia, ila siku hiyo kulikuwa na kitu kinachofanana nako. Nilimkuta Rasmane ameshafungwa kamba, amekaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Vijana wanne walikuwa wameshika kamba kwenye kapi. Zerbo naye alikuwepo, ameegemea baiskeli yake, amekuja kusikia kama ameuza.

"Toka kwanza," nikamwambia Rasmane. "Nataka nimulike mimi kutoka upande ule, wewe uangalie."

"Tuliangalia jana. Wewe pia uliangalia."

"Tuliangalia vibaya. Anayemulika hatakiwi kuangalia. Lile sharti la baba halikuwa la kioo, lilikuwa la taa yoyote."

"Kaka, lete tochi. Akina mama wamepanga foleni tangu alfajiri."

"Nakuambia nimeona ukutani kwa Talato..."

"Jana ilikuwa pima ya saba, leo ni ukuta wa shemeji. Kesho utakuja na nini?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Rasmane akishapoa hivyo, hata mama alikuwa hamgeuzi. Akaninyoshea mkono. "Ulianguka, pole. Mimi sijaanguka."

Nikamgeukia Zerbo. Sikuwa na mtu mwingine. "Mla vichwa vya mbwa," nikamwambia kwa sauti ya chini, "tochi yako ni nzuri kuliko mdomo wako. Lakini akishuka nayo hivi, namzika. Mtoe."

Zerbo alinitazama. Alijua biashara yake inaweza kufia pale pale, tochi ikionekana ina mkosi. Alitazama mguu wangu pia. Kisha akaiachia baiskeli ikaanguka, akaenda mpaka ukingoni, akashika kiuno.

"Wewe mtumwa," akamwambia Rasmane. "Nani amekuruhusu kuoga kabla ya bwana wako? Toka kisimani."

Wanawake wakacheka. Rasmane hakucheka, lakini macho yake yalishuka. Kwetu unaweza kumkatalia kaka yako, unaweza kumkatalia hata chifu ukiwa na kichwa kigumu. Msamo akikuamuru mbele za watu, unafanya, kwa sababu ukikataa utani wenyewe unavunjika, na hakuna Mmosi anayetaka kuwa wa kwanza. Halafu akavuta miguu, akasimama, kamba ikiwa bado kiunoni.

"Haya, bwana," akasema kwa meno. "Nimetoka. Sasa?"

"Sasa lala chini uangalie. Kaka yako anamulika."

Nikazunguka upande wa pili, mahali pa mshika kioo. Nikavuta kichwa cha tochi, nikaulaza mwanga ukutani. Macho nikayaweka kwenye mkono wangu.

"Chini," Rasmane akasema kwa sauti ya kuchoka. "Chini. Kushoto kidogo. Chini..."

Nilingoja. Nilitamani kuchungulia mpaka shingo ikauma.

"Rasmane."

"Usisogee, kaka." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ngoja— hapana, subiri. Pima ya saba. Kuna ufa. Unazunguka. Umezunguka nusu ya kisima, na mkono wangu ungeingia humo."

Alijifungua kamba mwenyewe. Akaifunga kwenye ndoo, akaijaza mawe, wakaishusha mpaka pima ya saba, akaivuta na kuiachia igonge ukuta. Mara ya kwanza ikasikika kama kugonga mlango. Mara ya pili ardhi ikatikisika chini ya nyayo zangu, na kikafuata kishindo ambacho ninakifahamu. Vumbi jekundu likapanda likatupiga usoni, sote tuliokizunguka kisima. Mwanamke mmoja akaanza kukohoa. Hakuna aliyecheka tena.

Rasmane alikaa chini, mikono juu ya magoti. Kisha akaniangalia mguu, kitu ambacho kwa adabu yake hakuwahi kukifanya.

"Siku ile," akasema. "Ulikuwa umeing'ata."

"Nilikuwa nimeing'ata."

"Na ulisema betri."

"Nilisema betri."

Zerbo alikuwa anapangusa mchanga kwenye baiskeli. "Kwa hiyo," akauliza, "bidhaa yangu inafaa au haifai?"

"Inafaa," nikamwambia. "Kasoro yake ni moja, inatoshea kwenye mkono wa mtu mmoja."

Rasmane alisimama, akarudi ukingoni, akalala tena kifudifudi ili aone kilichobaki cha kubomoa na cha kujengea. Zerbo akainyoshea tochi mkono, nadhani alitaka kumpa. Rasmane hata hakugeuka.

"Mwachie kaka," akasema. "Kaka, nimulikie."

Nikamulika, na sikuangalia ndani.