Kipimo cha Mmanga

Mwaka ule wa chaguzi mbili, Pemba nzima ilirogwa na siasa, au ukipenda sema watu walijiroga wenyewe. Mtu hanunui chumvi dukani kwa mtu wa chama kile, hapandi gari lake, hamziki maiti wake. Wake waliachwa kwa sababu kaka zao wamevaa beji isiyotakiwa. Na Himid, fundi wa magari pale Wete, mtu mzima mwenye ndevu na akili zake, akaona yote hayo ni sawasawa.

Mmanga alikuwa wa chama kile. Kabla ya hapo alikuwa ndugu yake wa kunyonya: mama yake Mmanga alifariki kwenye uzazi, na Bi Mwatima, mama yake Himid, akawanyonyesha wote wawili. Walikua pamoja kijijini Kiuyu, wakajifunza ufundi pamoja, wakafungua gereji moja. Walikuwa na desturi yao. Kila injini iliyorudi kutoka Tanga kuchongwa silinda, Mmanga aliitoa maikromita yake, kile kipimo cha chuma kinachopima hata unene wa unywele, kwenye kitambaa cha flana, akapima ndani ya silinda juu, katikati na chini, kisha akanyamaza. Himid naye akapima, kimya. Ndipo kila mmoja akataja alichokiona. Wakipishana hata unywele, wanaanza upya. Wakiafikiana, wanafunga injini. Mchongaji ni binadamu, Mmanga akisema, na huko Tanga huchonga huku anapiga soga.

Siasa zilipoingia, Mmanga akahama gereji na maikromita yake.

Safari hii injini iliyokwenda Tanga ilikuwa ya Himid mwenyewe, ya gari lake kuukuu la abiria lenye bodi la mbao. Na haikuwa ya kungoja. Bi Mwatima alikuwa hoi Kiuyu, tumbo limemvimba, na daktari amesema aletwe hospitali ya Wete. Gari jingine la njia ile lilikuwa la watu wa chama kile, na Himid alikwisha kuapa mbele ya wenzake kwamba mama yake hatalikanyaga.

Bloku ya injini iliposhushwa bandarini na kufikishwa gereji, hata magunia hayajafunguliwa, Mmanga alikuwa mlangoni, flana mkononi. Ndani kumejaa wanachama wenzake Himid wanakunywa kahawa.

"Asalamu alaykum," alisema.

Kuitikia salamu ni wajibu, wote wakijua. Hakuna aliyeitikia.

"Himid, nimekuja tupime. Nnasikia hali ya mama."

Himid aliona macho ya wenzake yamemganda. Alimwonea haya ndugu yake, na haya zile zikageuka hasira, kama zinavyowageuka wanaume waoga.

"Hapa hatupimiwi na weye. Nenda kahesabu kura zenu!"

Gereji nzima ikacheka. Mmanga akakunja flana yake, akaondoka. Moza, mkewe Himid, alipoleta birika jingine la kahawa alimwinamia sikioni.

"Mwite arudi. Ni mama huyo."

Hakumwita. Alipima kwa kidole gumba. Akaingiza pistoni mdomoni mwa silinda, ikateleza vizuri, akasema basi. Alipomaliza kufunga, injini ilikuwa nzito kuizungusha kwa hendeli, kile chuma cha kuwashia gari. Injini iliyochongwa upya huwa nzito, akajiambia. Alijua kwamba uzito huu umezidi. Fundi yeyote angejua.

Kwenda Kiuyu gari lilikwenda, tena kwa kuringa. Wakamlaza Bi Mwatima kwenye godoro kati ya viti.

"Mmanga yuko wapi?" aliuliza. "Mbona hakuja kunibeba?"

"Ana kazi, mama."

Wakati wa kurudi, kwenye kilima, injini ilichemka, ikalia mlio mmoja wa chuma juu ya chuma, ikazima. Himid alishuka na hendeli. Haikuzunguka hata robo. Pistoni zilikuwa zimeshika ndani ya silinda, na yeye amesimama juani na hendeli yake, mama anaguna ndani.

Gari la chama kile likatokea nyuma yao. Mmanga alikuwamo, alikwenda Kiuyu kumtazama mama, akaambiwa kachukuliwa. Alishuka. Aliingia gari la Himid, akamnyanyua Bi Mwatima mikononi, akampandisha gari lile, na abiria wale wa beji nyingine wakasogea, wakabanana, mwanamke mmoja akampakata kichwa.

"Panda," Mmanga alisema.

Himid alizitazama beji. Alizifikiria soga za barazani, nani atasema nini.

"Nendeni. Miye siwezi kuliacha gari peke yake."

Kana kwamba yuko mwizi wa gari ambalo halisukumiki wala haliwaki. Wakaondoka. Himid alikaa hapo mpaka jua lilipopinda, ndipo akaanza kwenda kwa miguu. Alipofika Wete, Bi Mwatima alikuwa amekwisha kufunikwa shuka.

Baada ya khitma Mmanga alikuja gereji. Wenzake Himid hawakuwepo; walikuwa mkutanoni, na injini imeshushwa, imefunguliwa, iko mezani. Mmanga aliitoa maikromita, akapima silinda ambayo haikukwaruzika: juu, katikati, chini. Akanyamaza. Himid akaichukua, naye akapima.

"Chini pamebana," alisema Mmanga.

"Chini pamebana," alisema Himid.

Hawakupishana hata unywele. Kosa la mchongaji, kosa dogo, ambalo wangeligundua kabla kahawa haijapoa.

"Mama alisema lolote?" Himid aliuliza.

Mmanga aliifuta maikromita polepole, akaizungushia flana.

"Kakuulizia mpaka mwisho. Nikamwambia uko nje, unaegesha gari."