Alama Chini ya Jicho

"Maman Priscille, uso wa mutu unaweza kuharibika ndani ya ordinatere, hii kompyuta?" jirani aliniuliza siku moja. Unaweza. Niliona.

Wakati wa vita, parokia yetu ya Kadutu iliweka kwenye Internet picha za watoto waliopotea. Mudogo wangu Cibalonza alikuwa anamutafuta mwanawe Glody, tuliyepotezana naye tukikimbia. Kwenye picha moja, mutoto aliyekuwa mji wa Sange alifanana naye, lakini shavu lake lilikuwa madoa matupu.

"Si yeye," Cibalonza alisema. "Glody iko na alama chini ya jicho."

"Ngoja, maman," alisema Charlène, sekretere wa parokia. "Tuliweka picha zote kwa GIF, namna moja ya kuhifadhi picha, ziwe nyepesi, na GIF inapunguza rangi. Inafaa nembo ya parokia. Uso unataka JPEG."

Akachukua picha yenyewe ya mutoto huyo, ile ya kabla ya GIF, akaiweka upya kwa JPEG. Ilifunguka polepole kutoka juu: nywele, paji, macho. Kisha alama, nyeusi kama mbegu ya maharagi.

"Bwana asifiwe!" nilipiga kelele. "Na masikio makubwa ya baba yake!"

Charlène alicheka mpaka akafuta machozi. Cibalonza alikaza kitenge chake, akatoka kwenda Sange kumuchukua mwanawe.