Makaa ya Shilingi Saba

Kalpana alikuwa amepiga magoti mbele ya meko ya ukutani, akichambua majivu ya jana kwa vidole, akitafuta vipande ambavyo bado vingeweza kuwaka. Alipata viwili. Ilikuwa Februari ya mwaka sitini na nane, na barafu ilikuwa imetanda kwenye kioo cha dirisha, upande wa ndani.

Saa tisa alasiri bibi afya wa halmashauri angekuja na kipimajoto chake. Sudha, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa kwa miezi saba, na sasa alikuwa na wiki ya tano hospitalini. Madaktari walikwisha sema yu mzima, arudi nyumbani. Lakini fomu ya halmashauri ilitaka chumba atakacholala kifike digrii sitini na tano za Farenhaiti, kipimo chao. Kisipofika, mtoto angebaki huko huko, na mama angeendelea kumtazama saa moja kwa siku, nyuma ya kioo. Kioo! Mtoto wake wa kumzaa, anamwangalia kama kitambaa cha dukani.

Mwenye nyumba alikuwa akichukua pauni nne kila wiki kwa chumba hicho kimoja cha mtaa wa Kilburn, chenye dirisha lisilofunga vizuri. Yeye fomu haikumwuliza kitu.

Mfukoni Kalpana alikuwa na shilingi saba na nusu. Hakuna nyingine mpaka Ijumaa, Suresh atakapolipwa. Mumewe huyo alisomesha hesabu Unguja miaka kumi na moja. Hapa London alikuwa akisugua mabati ya kuokea katika kiwanda cha biskuti, na kila jioni alirudi ananukia siagi asiyoila.

Bi Mwanabaraka, jirani wa chumba cha juu, Mpemba aliyefika miaka mitatu kabla yao, alimkuta mlangoni akitandika magazeti ndani ya kigari cha mtoto. Kilikuwa cha Sudha, cha mtumba, na bado hajakipanda.

"Unakwenda kununua makaa?" aliuliza. "Yale meusi ya kawaida usiyaguse. Hapa yamepigwa marufuku, moshi ukionekana utatozwa faini."

"Matonge yasiyo na moshi ni shilingi saba gunia dogo, Bi Mwanabaraka. Yale mepesi ya kiwanda cha gesi ni nne tu."

"Ya nne yanamwagiwa maji yazidi uzito. Utabeba maji, mwanangu. Na hata hayo ya saba, yamimine kwanza ndipo ulipe. Usiwaonee haya."

Duka la makaa lilikuwa chini ya daraja la reli. Wanawake sita walikuwa kwenye foleni, wengine na vigari vya watoto kama yeye. Zamu yake ilipofika, Kalpana alichukua vipande viwili vya yale ya shilingi nne, akavigonga pamoja karibu na sikio. Makaa makavu hulia. Haya yalitoa mlio mzito, na viganja vyake vikalowa.

"Nipe matonge," alimwambia muuzaji, mtu mnene mwenye kizibao cha ngozi.

Muuzaji akamsukumia gunia. Juu matonge yalionekana safi, yameshindiliwa vizuri, kila moja ukubwa wa yai. Basi Kalpana akafanya walivyofanya wanawake wote wa mtaani kwao Unguja wanunuapo makaa: akafungua mdomo wa gunia, akaliinamisha, akayamimina chini. Matonge yalitangulia. Kisha yakafuata makaa meusi ya kawaida, yale yale yaliyopigwa marufuku, na mwisho vumbi tupu. Zaidi ya theluthi ya gunia ilikuwa udanganyifu.

"Wewe!" muuzaji alifoka. "Nani kakwambia umwage?"

"Sijalipa bado," alisema Kalpana kwa Kiingereza chake cha shule. "Naangalia ninachonunua."

"Hapa Uingereza unalipa, unabeba, unakwenda zako."

"Na vumbi hili, nalo ni shilingi saba?"

Wanawake waliokwisha nunua waliyatazama magunia yao, wasiyafungue. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, "Wamekuja mikono mitupu, sasa wanachagua." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kalpana alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Walikuwa wakiibiwa pamoja naye, gunia kwa gunia, na aliyewaudhi ni yeye!

"Okota hayo, uondoke," alisema muuzaji. "Sikuuzii."

Kalpana hakuokota hata tonge moja.

Alitembea mpaka mtaa wa Willesden akikisukuma kigari, karibu saa nzima, ndipo akapata duka jingine. Mzee wa hapo alicheka alipomwona anamimina, lakini alimwachia. Matonge yalikuwa mazima, makavu, juu mpaka chini. Akalipa shilingi saba. Alipofika nyumbani ilikuwa saa nane na nusu, na mikono haikuwa ikihisi kitu.

Jambo moja Bi Mwanabaraka hakumwambia. Matonge mazuri ni mazito kushika moto. Yale meusi ya marufuku yangewaka mara moja. Haya yalitaka saa nzima. Kalpana alipepea kwa kifuniko cha boksi, akapuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Kuni za kuwashia zilitoa ndimi, matonge yakabaki meusi.

Bibi afya alifika saa tisa kamili. Hakuvua koti. Alitundika kipimajoto kwenye msumari, akasubiri dakika tano, akasoma.

"Hamsini na nne."

"Tafadhali subiri kidogo," alisema Kalpana. "Haya ni makaa mazuri, yanachelewa kushika."

"Nina nyumba nyingine sita."

"Basi pita tena jioni."

"Tutapima tena baada ya wiki mbili," alisema bibi afya, akiandika. Akamkabidhi nakala, akatazama meko, akaongeza kwa upole, "Siku nyingine jitahidini kununua makaa yaliyo bora."

Kalpana alipiga magoti tena, akaendelea kupepea.

Saa kumi matonge yalikuwa mekundu yote. Barafu ya dirishani iliyeyuka ikatiririka. Bi Mwanabaraka alishuka, akavua shali lake mwenyewe bila kuambiwa, akaona blauzi ya Kalpana imelowa maziwa kifuani.

"Sasa ndiyo joto," alisema. "Wanapima lini?"

"Leo," alisema Kalpana. Alikuwa tayari anavaa koti. "Nishikie moto, Bi Mwanabaraka. Usizimike."

Ofisi ya halmashauri haikuwa mbali. Nyuma ya kaunta alikaa karani mwanamke, na hita ya umeme miguuni pake.

"Chumba changu kina joto," alisema Kalpana. "Nipeni mtu mwenye kipimajoto."

Karani aliisoma fomu. "Imekwisha andikwa. Wiki mbili."

"Iandikwe nyingine."

"Bibi, tunafunga saa kumi na moja na nusu."

"Fungeni."

Akakaa kwenye benchi lililoelekea kaunta, fomu mapajani. Watu waliokuwa wakisubiri walisogea pembeni. Karani alitazama saa ya ukutani, akanyoosha mguu chini ya meza, akazima hita. Kalpana akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akabaki pale pale.