Mama Akakalia Ushahidi

Ndugu yetu wa mwisho alijifunza udereva kwa miezi saba, na hata baiskeli hakuijua. Kila asubuhi tukishafungua karakana ya makochi, alibadili shati, akasema, "Jamani, naenda chuoni," akatoweka hadi adhuhuri.

"Huyu akihitimu," Kaka aliniambia siku moja, misumari imemjaa mdomoni, "ataendesha ndege."

Tulikuwa watatu. Kaka, mkubwa wetu, ndiye aliyeshika karakana Baba alipofariki. Mimi ni wa kati, mkata vitambaa. Wa mwisho tulimwita Springi, kwa kuwa tangu utotoni hakutulia mahali pamoja, na kwa kuwa hakuna aliyefunga springi za kochi kama yeye. Wazazi wetu walihamia nchi hii Kaka akiwa mgongoni, na masanduku mawili: moja la nguo, moja la zana. Mtaa ukatuita "wale wa kuja", na hata sisi wawili tuliozaliwa hapa hapa tukaitikia. Baba hakugombana na mtu. Alitengeneza makochi. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo lake la kamba za springi lililala kinyume na la mafundi wote, na akatufundisha sote kulifunga hivyo hivyo, ingawa sisi ni wa mkono wa kulia.

Mkaguzi alikuwa Mama. Hakuna kochi lililotoka kabla hajalikalia. Aliketi, akafumba macho, akajisogeza kidogo huku, kidogo kule, kisha akatoa hukumu: "Limeiva," au, "Mwiteni fundi alirudie."

Balaa lilianza na mchoro. Springi alibuni kochi la duara. Kaka akautazama mchoro ule kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

"Baba aliwahi kutengeneza kochi la duara?"

"Hapana, Kaka, lakini..."

"Basi." Akaichukua ile karatasi akafutia gundi mezani. Kesho yake Springi akatangaza kuwa amejiandikisha chuo cha udereva.

Sasa niseme kweli: mimi nilijua. Mwezi wa tatu wa masomo hayo nilimpelekea simu aliyoisahau, na mwalimu wa udereva akaniambia hamjui mtu wa sura hiyo. Nikarudi kwa uchochoro unaopita nyuma ya duka la samani la Tajiri wa Vioo, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, tuliyemwita hivyo kwa sababu duka lake lilikuwa kioo kitupu kuanzia chini hadi juu. Katika dirisha la ghala lake nikamwona Springi. Amepiga magoti katikati ya kochi la duara, anakaza kamba, anaimba. Anaimba! Kwetu hakuwahi hata kupiga mluzi.

Nilipaswa kuingia nikamvute sikio. Au nikamwambie Kaka. Nilirudi na simu mfukoni, nikasema, "Anaendelea vizuri, Kaka. Sasa wanajifunza kurudi nyuma."

Jumamosi moja mchana, Tajiri wa Vioo akaualika mtaa mzima kutazama mzigo mpya. Kaka alisema anakwenda kucheka tu. Mama akavaa viatu vyake vya kutokea. Springi alisema ana mtihani.

Tuliwakuta watu wamesimama kuzunguka makochi manne ya duara, mekundu kama pilipili mbivu. Kaka akasahau kucheka.

"Yameshuka melini juzi!" Tajiri alipaza sauti. "Fundi wa kazi hii, nchi hii humpati hata kwa tochi!"

Watu wakapiga makofi. Mama akanyoosha kidole. "Mwanangu, naruhusiwa kukaa?"

"Karibu, mama yangu, kaa uonje ng'ambo!"

Mama akaketi. Akafumba macho. Kidogo huku, kidogo kule. Nikaomba ardhi ipasuke.

"Limeiva," alisema, akafumbua macho. "Hili kalifunga mwanangu wa mwisho."

Duka zima likaangua kicheko, na Tajiri akacheka kuliko wote. Hapo ndipo lundo la mito kule pembeni lilipopiga chafya.

Springi alikuwa amejificha nyuma yake ili azione nyuso za watu wakitazama kazi yake. Mito ikaporomoka, yeye akabaki wima, manyoya puani. Kaka akamrukia, Springi akazunguka kochi, Kaka akamfuata. Kochi la duara halina kona ya kumbania mtu. Walizunguka mara moja, mara mbili, mara tano, Mama akiwa amekaa pale pale.

"Msaliti!"

"Kaka, nisikilize!"

"Udereva! Miezi saba! Nimekuombea ufaulu, mimi!"

"Springi, kamba ya kiatu," Mama alisema walipopita mbele yake. "Utaanguka."

Watu walishikana mabega kwa kicheko. Tajiri peke yake alikuwa ameacha kucheka. "Watoeni hawa! Huyu kijana simjui kabisa. Ndio hao wa kuja, kazi yao kudai vya watu."

Kaka akasimama ghafla, hata Springi, aliyekuwa ameshamaliza mzunguko, akamgonga mgongoni.

"Umesema humjui?"

"Sijapata kumwona."

"Bosi..." Springi alianza. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini uso ule niliujua: ndio aliorudi nao siku ile wenzake shuleni walipomfichia viatu, na Kaka akatoka bila kuuliza neno, akarudi na viatu pamoja na jicho lililovimba.

Kaka akautazama uso ule. "Mama," akasema, "inuka kidogo. Wewe wa kati, kisu."

Nikampa kisu changu cha vitambaa. Tukalipindua kochi sisi watatu, Kaka akachana kitambaa cha chini kwa mkupuo mmoja. Mafundo yakaonekana, safu kwa safu, yote yamelala kushoto.

"Hivi ndivyo alivyofunga marehemu baba yangu," Kaka aliuambia umati. "Wanaofunga hivi wamebaki watatu, na wote wako humu ndani. Huyu ni msaliti, sikatai. Nikimfikisha nyumbani atanitambua. Lakini ni fundi! Na ni wetu!"

Duka likalipuka kwa vifijo. "Na meli je, tajiri?" mtu mmoja akauliza, na Tajiri akapata simu ya haraka sana kule nyuma.

Nje, furaha bado imenijaa, Kaka akanigeukia. "Wewe ulijua."

Nikajifanya nafunga viatu.

"Kurudi nyuma," alisema polepole. "Ulinitazama usoni ukaniambia wanajifunza kurudi nyuma."

"Kaka, nilimkuta anaimba."

Akatangulia nyumbani. Siku zote nilijiona mwema kwa kutomchongea mmoja kwa mwingine, kumbe kumficha huyu ndiko kumuuza yule. Siku tatu Kaka hakusema nasi ila kupitia kwa Mama. "Mama, mwambie dereva anipe nyundo." "Mama, mwambie wakili wake afagie."

Siku ya nne akaja daktari wa meno aliyekuwapo siku ya onyesho. Alitaka kochi la duara kwa chumba chake cha kusubiria. "Wagonjwa wangu ni waoga," alisema. "Nataka wakae kochi moja, kila mtu aone hajaogopa peke yake."

Kaka akajikuna kidevu. Springi alikuwa ameinamia sakafu.

"Kaka, nilipaswa kukuomba mara ya pili," alisema. "Nilikuomba mara moja tu, nikakimbilia kwa mtu baki. Nisamehe."

"Na mimi nilifutia gundi," Kaka akasema. Kisha, kwa ukali wa mtu anayeona haya: "Haya, chora tena! Mteja amesimama!"

Tulilimaliza kwa siku tano, na siku ya sita likagoma kutoka mlangoni. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukalisukuma kwa matako. Springi akapendekeza tulikate. "Ikatwe kazi ya mkono wako?" Kaka akafoka, akachukua nyundo kubwa, akaung'oa mlango pamoja na fremu yake, vumbi likatufanya weupe sote. Akaanza kucheka, cheko ambalo hatukuwa tumelisikia tangu Baba alipofariki, nasi tukamfuata hadi machozi.

Tukalibeba kupanda kilima, wapita njia wakitupisha.

"Springi, geuza mbele!" Kaka alihema.

"Mbele ni wapi, Kaka? Ni duara!"

"Mbele ni nilipo mimi!"

"Basi mimi niko nyuma? Mbona mimi ndiye ninayetangulia?"

Walibishana hivyo hadi mlangoni kwa daktari, nami katikati, kochi limenielemea kichwani.