Komeo la Nje

Mafundi walimbandika jina la Bwana Hapana, maana ndilo neno la kwanza la lugha yake walilojifunza. Mchora ramani akileta dirisha pana, hapana. Jiko lililoungana na sebule, hapana. Alikuwa amekaa ugenini miaka mingi, na nyumba aliyotaka ajengewe huko ilikuwa moja tu, mfano wa ile alimozaliwa. Baba yake alipofariki, mama aliiuza hata kabla ya mwezi kwisha, na mwana akaamini ni kwa uchungu wa kumkosa mumewe. Sasa mama alikuwa anakuja. Alikuwa amesema akiipenda nyumba atakaa, asipoipenda atarudi zake. Basi mwana akaapa kumrudishia nyumba yake vilevile. Mkewe alipomwambia kwamba pengine mama naye anataka kitu kipya, aliambulia hapana yake kama wengine.

Kati ya mafundi, seremala peke yake ndiye aliyembishia.

"Komeo la chumba cha mama ulitaka upande wa nje?"

"Nje."

"Unataka kumfungia nani?"

"Hafungiwi mtu. Kwetu ndivyo ilivyokuwa."

Seremala akacheka, akakaza skrubu, akaenda zake.

Mama alifika mchana kweupe. Mwanawe akamshika mkono, akamtembeza kama mtoto anayeonyesha daftari lililojaa vema. Baraza ileile, ngazi zilezile, hata kidirisha cha jikoni kiko juu mno kama zamani. Mama aliitikia "Ehe" kila walipopita, na sauti ikawa inazidi kufifia. Mwana hakusikia hata chembe. Alikuwa anaringia nyumba yake, masikini wa Mungu.

Mlangoni pa chumba chake mama akasimama. Akalisukuma komeo, likakwaruza chuma kwa chuma, akalirudisha.

"Na hili umelikumbuka."

"Ningelisahau vipi, mama? Si ndiyo mchezo wetu? Baba ananinyanyua, nafunga, wewe unagonga huko ndani, sisi tunacheka."

"Nilikuwa nawasikia mkicheka," mama akasema.

Mwana akakumbuka yaliyofuata baada ya mchezo, ambayo hakuwahi kuyatia maanani: baba akimbeba mabegani kwenda matembezi, komeo halijafunguliwa, na kurudi kwao giza likiwa limeshaingia, nyumba kimya. Akakimbilia bisibisi, akaanza kufungua skrubu.

"Nalitoa, mama. Nalitoa sasa hivi. Dirisha nalo nitalivunja, kila kitu nitakivunja."

Mama akampapasa kichwa, kama alivyokuwa akimfanyia akiwa na homa.

"Hukujua, mwanangu. Ulikuwa mdogo."

Komeo likadondoka sakafuni. Mama akaliruka, akabeba mkoba wake na kuelekea nje. Mkwewe alitoka jikoni mbio ili amwonyeshe njia, lakini mama alikuwa ameshakata kona gizani mwa ukumbi bila kupapasa ukuta. Nyumba ile aliijua.