Kalamu Nyekundu Mlangoni pa Choo

Usijifanye hukuona. Ulipita pale sokoni, ukawaona wanawake wakivuka barabara mbio kwenda kuomba choo kwa watu, ukainamia simu yako. Ulichokumbuka ni lile bango la kadibodi tu, kwa sababu lilikuchekesha.

Aliyeliandika kwa rangi ni fundi cherehani wa kibanda cha mwisho: ATUTAKI VYOO KUFUNGWA. ZIFUNGULIWE. Meneja wa soko, aliyevifunga ili vibaki visafi kwa ajili yake na wageni wake, akachomoa kalamu nyekundu, akasahihisha, akaandika “Rudia” na kulitundika tena mlangoni. Soko zima likaangua kicheko. Habari ya choo ikafa hapo hapo. Fundi naye, mjamzito, tumbo limemtangulia, akacheka pamoja nao huku amebana miguu.

Jioni akamwita wifi yake, anayechapa barua za watu mjini.

“Kaka yangu alioa mikono tu,” wifi akasema. “Kichwa kilibaki kwenu?”

“Kilibaki kikiutafutia ulimi wako mume. Nifundishe.”

“Haya, weka kiganja mbele ya mdomo. Sema hatutaki.”

“Hatutaki.”

“Umeisikia pumzi? Ina herufi yake, usiidhulumu. Na vyoo ni vi-vi: vimefungwa, vifunguliwe. Umewahi kusikia vyoo zinanuka?”

“Vya kwetu havinuki, wifi. Anaingia bwana mkubwa peke yake.”

Wakacheka mpaka sindano ya fundi, aliyekuwa akishona, ikatoka kwenye mstari. Safari hii hawakutumia rangi. Walikata herufi kwenye mabaki ya vitambaa, wakazishona kwenye shuka, maana ukikosea, unafumua.

Asubuhi shuka ikaning'inia mlangoni: HATUTAKI VYOO KUFUNGWA. VIFUNGULIWE. TUNAITAJI UFUNGUO LEO.

Meneja akafika na kalamu yake. Akasoma, akasoma, kisha meno yote nje.

“Fundi! Tunaitaji ndiyo nini?”

Vicheko vikaanza. Fundi nusura ajifiche nyuma ya cherehani. Akaweka kiganja mdomoni, akalitamka neno taratibu.

“Kweli, bosi. Nimekosea.” Akaokota kipande cha kitenge, akakata H, akaibana kwa pini mahali pake. “Kuna lingine?”

Meneja akarudia kusoma, midomo ikimchezacheza. “Hakuna.”

“Basi umetuelewa. Ufunguo.”

Sasa hakuna aliyecheka. Muuza nyanya akasogea, mkono mbele. Muuza mkaa akasogea. Meneja akapapasa mifuko kama mtu aliyeingiwa na siafu, akautoa.

Fundi aliingia wa kwanza. Alipotoka, akitembea kwa madaha, soko lilimpigia makofi.

Nawe kwenu, ni mlango gani umefungwa? Unaujua, na mwenye ufunguo unamjua. Unachoogopa ni kuchekwa. Chukua kalamu sasa hivi, andika unavyojua, mpe mtu akusomee, sahihisha, kabandike. Leo hii, jua halijazama.