Boksi Jeusi na Bomba la Kung'aa

Shemeji yangu sikumwamini tangu siku alipokuja kumposa dada yangu, na asubuhi ile sikuona sababu ya kuanza. Gereji nzima tunamwita Kromu, kwa kuwa hajawahi kuona kitu kinachong'aa akakipita. Siku hiyo aliingia na kasha kifuani, akalifungua juu ya meza ya kazi polepole kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na bomba la alumini lililopinda, na mwishoni mwake chujio la hewa jekundu lenye umbo la koni.

"Ukifunga hili, injini inapumua," akasema. "Lile boksi jeusi la chujio, gari lililotoka nalo kiwandani, linaibana koo bure."

Miguu ya Baba ilikuwa imechoka, akaamua kukabidhi gereji. Kromu alitaka aigeuze duka la mapambo na vifaa vya mbio. Mimi nilitaka ibaki gereji, mtu alete gari bovu aondoke na gari zima. Nimekulia mle, sina pengine ninapopaita pangu. Baba hapendi ugomvi wa nyumbani, akasema gari ndilo liamue. Teksi moja ingepanda mlima wa nyuma ya gereji, kwanza na boksi la kiwandani, halafu na bomba la Kromu. Ambaye chombo chake kingefika kwenye tangi la maji lililo kileleni kwa kasi kubwa zaidi, angepewa funguo.

Nilikubali haraka, maana kazi naijua. Boksi la kiwandani huvuta hewa ya baridi kutoka pembeni, nyuma ya taa. Chujio la Kromu hukaa wazi chini ya boneti, likivuta joto lilelile la injini. Kinachoongezeka ni mngurumo, na dereva akisikia mngurumo anadhani amepaa.

Hata hivyo roho haikutulia. Kromu yuko radhi akupake mafuta kwa mgongo wa chupa huku anakuuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo niliweka chujio jipya ndani ya boksi kwa mikono yangu, nikabana vibanio vyote, nikamvutia Baba kiti hadi kwenye bampa.

"Baba, usibanduke hapa. Asiguse mtu."

"Sibanduki, mwanangu."

Nikaenda kumwita dereva wa teksi, nikamkuta anakunywa chai aliyonunuliwa na Kromu. Machale yakanicheza. Tulipoondoka nilikaa kando yake, jicho moja kwenye mguu wake, jingine kwenye mshale wa kasi.

"Dada, mbona unanitazama kama nimeiba kuku?" akauliza.

"Kanyaga mafuta mpaka chini, tutaongea baadaye."

Alikanyaga kweli, lakini gari lilipanda likijikokota, zito, kama lina mizigo. Tulifika kwenye tangi na mshale uko chini mno. Tukarudi, Kromu akafunga bomba lake huku nikimhesabia kila boliti, tukapanda tena. Safari hii gari lilinguruma mpaka vioo vikatetemeka, na mshale ukapita pale ulipoishia mwanzo. Ulipita kwa mbali.

"Limeshinda la shemeji yako," dereva akasema tuliposhuka. "Tusidanganyane."

Kromu hakucheka wala hakutamba, na hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Namjua, akishinda hata karata hatulali. Nikalichukua boksi, nikafungua vibanio. Chujio lililokuwa ndani halikuwa langu. Lilikuwa la kijivu, limeshiba vumbi, mikunjo imegandana.

"Umelibadilisha wewe," nikamwambia.

"Mimi nilikuwa ndani nasugua bomba, shemeji. Boksi lako sijaligusa."

"Apa."

"Naapa kwa mwanangu."

Sikumwamini. Nikaligeuza chujio kwenye mwanga nipate pa kumkamatia, nikaona kipande cha gazeti kimenasa kwenye mkunjo. Pale gerejini ni mtu mmoja tu asiyetupa chujio kuukuu: hulifunga kwa gazeti na kulipandisha rafu ya juu, eti ipo siku litafaa. Na mtu huyo nilimwekea kiti mwenyewe.

Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Lile jipya liko wapi, Baba?"

Akafunua koti alilokuwa amelikunja mapajani. Lilikuwepo, safi, na tayari alishalifunga kwa gazeti.

"Kwa nini?"

"Gereji nilishamwahidi mumewe dada yako, tangu walipopata mtoto. Wewe una kazi mikononi, popote utakula."

"Si ungeniambia tu?"

"Nilitaka ushindwe na gari, mwanangu. Usishindwe na mimi."

"Mzee, mimi sikukuomba ufanye hivi," Kromu akasema, na uso wake ulikuwa umesawijika kabisa. Kwa mara ya kwanza nikamwamini, na iliniuma kumwamini siku ile.

Nililichukua chujio jipya mapajani mwa Baba, nikafunga boksi upya, nikamwambia dereva tupande tena. Safari hii gari lilipanda bila kelele, na tulipofika kwenye tangi mshale ulikuwa umelipita bomba la Kromu. Haukulipita kwa mengi, ila ulilipita, na dereva aliuona kwa macho yake.

Tuliporudi Baba alikuwa amesimama, funguo za gereji zi mkononi. Alimnyooshea Kromu. Nilimtazama shemeji yangu, nikingoja akatae, maana dakika chache tu zilizopita nilikuwa nimeamini anaweza. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante.

"Lakini Mzee, la kiwandani ndilo limeshinda," dereva akasema.

Baba akamjibu kwamba amesikia.